Ndege wa Mbali Kwenye Ua wa Nyumba

Februari 1989, ndege mwenye uzito wa gramu kumi hivi aligunduliwa kwenye vichaka vya mtaa wa makazi huko Larkfield, Kent, nchini Uingereza, karibu kabisa na maegesho ya duka kubwa. Utosi wake ulikuwa wa njano, koo jeusi, na kila bawa lilikuwa na baka la njano. Ni ndege wa misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, na miezi ya baridi huipitisha Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Uingereza alikuwa hajawahi kuonekana hata mara moja. Maelfu ya watu walifunga safari kwenda kumtazama, wakasimama na darubini zao juu ya lami huku wanunuzi wakipita na mizigo.

Mambo kama hayo yakitokea, neno la kwanza kusemwa ni bahati. Bahati ina sehemu yake, sikatai. Lakini ndege wa mbali hashuki popote pale siku yoyote ile. Kuna kilichomsukuma: upepo, mvua, ukungu, taa, njaa, au dira ya mwilini mwake iliyomwelekeza kusiko. Mambo hayo yanajulikana, na mengi yanaonekana kutoka dirishani. Anayeyafuatilia hujua asubuhi ipi atoke nje mapema na mti upi aukazie macho.

Kinachowaleta

Ndege wengi wadogo wanaohama husafiri usiku. Hewa ya usiku ni baridi na imetulia, kozi na vipanga wengi wamelala, na mchana hubaki wa kula. Huondoka muda mfupi baada ya giza kuingia na hushuka kunapokaribia kupambazuka. Alfajiri inapomkuta, hapo hapo hutafuta mti. Kwa hiyo ndege wa msitu mnene anaweza kukutwa kwenye mti mmoja uliozungukwa na maghorofa na asiwe amepotea hata kidogo. Yuko njiani. Atakula, atapumzika, na usiku ukiwa mwema ataondoka. Wageni wengi wa uani ni wa aina hii, na ndiyo maana ukisema "nitamwangalia vizuri kesho", kesho humkuti.

Wengine wamepotea kweli. Ndege wengi wachanga hufanya safari yao ya kwanza bila wazazi, wakifuata mwelekeo waliorithi katika damu. Urithi huo ukipinda, ndege huruka kwa uhodari ule ule na umbali ule ule, ila upande usio wake. Kuna ndege wa Siberia mwenye gramu sita hivi, kijani kibichi mgongoni na nyusi za njano, ambaye kawaida huenda kusini-mashariki mwa Asia. Kila vuli baadhi yao hutokea magharibi mwa Ulaya, kwenye bustani na miti ya barabarani. Kipimanjia wa Richard, ndege wa nyika za Asia, alikuwa mgeni wa nadra Ulaya Magharibi, na siku hizi wapo wanaorudi kusini mwa Ufaransa kila mwaka kukaa miezi ya baridi. Hili lafaa kukumbukwa kabla ya kumhurumia kila aliyekosea njia. Baadhi yao ndio wanaofungua njia mpya. Yangeyange walivuka Atlantiki kutoka Afrika hadi Amerika ya Kusini mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea karibu bara zima. Tetere wenye ukosi mweusi walitoka upande wa Uturuki na Balkani wakaivuka Ulaya katika karne ya 20, na mwaka 1955 walitaga Uingereza kwa mara ya kwanza. Kuna mtu fulani, kwenye ua fulani, aliyekuwa wa kwanza kuwaona katika mji wake.

Dhoruba ni sababu nyepesi kuielewa. Mwishoni mwa Agosti 2023 kimbunga Idalia kilipita Ghuba ya Meksiko, na siku na wiki zilizofuata heroe (flamingo) walionekana kwenye maziwa na mabwawa ya Ohio, Pennsylvania, hata Wisconsin, mbali mno na bahari yao. Dhoruba kubwa ikipita umbali wa mamia ya kilomita kutoka kwako, siku mbili tatu baada yake angalia kila bwawa, mto na hodhi la wazi. Ndege wa bahari kuu waliochotwa na upepo hutafuta maji yoyote wayaonayo, na mara nyingi hawakai zaidi ya siku moja.

Shibe nayo huwatawanya ndege, jambo linalowashangaza wengi. Katika majira ya baridi ya 2013 na 2014, bundi weupe wa Aktiki waliteremka kwa wingi mashariki mwa Amerika Kaskazini, wakaonekana viwanja vya ndege, kwenye mapaa na fukwe, na wachache wakafika Florida na Bermuda. Walikuwa wengi wao ni wachanga. Kiangazi kilichotangulia panya wa Aktiki walikuwa tele, bundi wakalea makinda mengi, na makinda yalipokua yakasambaa kutafuta nafasi.

Mwisho, wapo waliotoroka vizimbani. Bata dume wa jamii ya mandarini aliyevuta umati katika bustani ya Central Park, New York, mwaka 2018 alikuwa na pete mguuni, na bata hao asili yao ni mashariki ya Asia. Kabla hujatangaza maajabu, kagua miguu, mkia na kucha. Pete nzima isiyo na kiungo, manyoya ya mkia yaliyosagika ncha kwa kugusana na waya, kucha ndefu zilizopinda, na kutoogopa watu kabisa ni dalili za kizimba. Hakuna dalili moja inayotosha peke yake: ndege wa visiwa au nyika za mbali ambako watu ni wachache hawaogopi watu vilevile, na aliyechoka baada ya safari ndefu husimama tu akuangalie.

Asubuhi ya kuangalia

Usiku unaoleta ndege wengi una sura yake. Mwanzo wake ni mtulivu, upepo unasukuma kuelekea wanakokwenda, nao hupaa kwa wingi. Kisha saa za usiku wa manane upepo unageuka, au mvua inawakuta njiani, au mawingu yanashuka. Hawana budi kutua. Ukiamka ukakuta mvua imenyesha tangu saa chache kabla ya mapambazuko katika msimu wa uhamaji, acha kila kitu utoke nje. Kwa nusu ya kaskazini ya dunia msimu huo ni takriban Agosti hadi Novemba wakielekea kusini, na Machi hadi Mei wakirudi. Asubuhi yenye anga safi baada ya usiku wenye upepo mzuri huwa tupu hata msimu ukiwa umekolea, kwa sababu wote wamepita juu bila kusimama. Wengi hukata tamaa kwa kuchagua siku nzuri kwa binadamu badala ya siku mbaya kwa ndege.

Taa zinazidisha jambo hili. Ukungu au mawingu mazito yakikutana na taa kali, ndege wanaosafiri usiku huvutwa na mwanga na kuuzunguka bila kuondoka. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi nchini Kenya, tangu 1969 watafiti wamekuwa wakiwavisha pete ndege wahamaji wanaovutwa na taa za nyumba ya wageni kwenye usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, hasa Novemba na Desemba, na wengi wao ni ndege wadogo wa vichakani ambao mchana ungewatafuta siku nzima bila kuwaona. New York, miali miwili ya ukumbusho inayowashwa kila Septemba 11 ilichunguzwa kwa rada: katika usiku saba tofauti wa miaka tofauti, ndege wapatao milioni 1.1 waliathirika. Taa zilipozimwa walitawanyika baada ya dakika chache.

Upande wa pili wa habari hiyo ni mauti. Usiku wa kuamkia Oktoba 5, 2023, jengo moja la mikutano la Chicago lenye vioo vikubwa liliua karibu ndege 1,000. Mwaka uliofuata vioo hivyo vilibandikwa karatasi yenye nukta ndogo ndogo, na vifo vikapungua sana. Kwa nyumba yako kanuni ni hiyo hiyo: alama ziwe upande wa nje wa kioo, na nafasi kati ya alama moja na nyingine isizidi sentimita 5 kila upande. Picha moja ya kipanga iliyobandikwa katikati ya kioo haisaidii, kwa kuwa ndege hupita pembeni yake akidhani ni uwazi. Na taa za nje zizimwe usiku wa uhamaji. Mwanga humleta ndege, kweli, lakini humleta akiwa amechanganyikiwa na kuchoka, na hakuna haja ya kumwona kwa gharama hiyo.

Ukitoka alfajiri, anza na kuta na nguzo zilizokuwa na taa usiku. Nondo na wadudu wengine bado wameganda hapo, na ndege wala wadudu huwaokota mapema kabla hawajatawanyika. Jua likichomoza, hamia kwenye miti inayopigwa na miale ya kwanza. Wadudu huchangamka upande ule kwanza, na ndege huwafuata. Chini ya ua wa miti, kwenye majani makavu, kuna ndege wa aina nyingine kabisa: viluwiri na wengine wa mabwawani au msituni ambao usiku waliteremka gizani, na sasa wanatembea pembezoni mwa ukuta wakitafuta pa kujificha. Usiwakimbilie. Simama kimya dakika kumi mahali pamoja. Ndege wa chini hutoka wenyewe anayewatisha akitulia. Saa mbili au tatu tangu jua kuchomoza mambo hupoa, na saa moja kabla ya machweo hufufuka kidogo.

Lami iliyolowa nayo iangaliwe, hasa usiku na alfajiri ya mvua au theluji. Kutoka juu inang'aa kama maji. Desemba 2011 maelfu ya vibisi waliangukia maegesho na viwanja vya eneo la Cedar City, Utah, wakidhani ni ziwa. Kibisi miguu yake imekaa nyuma kabisa ya mwili, hupaa kwa kukimbia juu ya maji, na kwenye nchi kavu hawezi kuondoka hata akiwa mzima kabisa. Anayemkuta barabarani mara nyingi hudhani amevunjika miguu.

Maji yanayodondoka

Watu wengi hutegemea chakula kuvuta ndege. Chakula cha nafaka huita walaji nafaka, nao huwa ndio wale wale unaowajua. Wageni wa kushangaza, kwa sehemu kubwa, hula wadudu, matunda au nekta na hawatagusa punje zako kamwe. Maji wanayataka wote. Kama ningelazimika kuchagua kitu kimoja cha kuweka uani, ningeweka maji.

Chombo kiwe kipana na kifupi: kina cha sentimita 2 ukingoni hadi 5 katikati, kisizidi hapo. Ndani kiwe na mkwaruzo. Kauri laini huteleza na ndege hawaiamini, na dawa yake ni kulaza mawe bapa ndani. Kikae mita mbili hadi tatu kutoka kichaka kilicho karibu. Ukikisogeza karibu zaidi, paka hujificha na kuruka. Ukikipeleka mbali, ndege aliyelowa hana pa kukimbilia kipanga akija.

Kinachofanya kazi hasa ni mlio na mtikisiko. Ndege anayepita juu haoni sahani ya maji yaliyotuama kwa urahisi, ila husikia tone. Chukua chupa ya plastiki ya lita mbili, itoboe kitako kwa sindano, ijaze na uining'inize kama mita moja juu ya chombo. Kasi ya matone hurekebishwa kwa kifuniko: ukikaza, hewa haiingii na matone hupungua, ukilegeza, huongezeka. Tone moja kila sekunde moja au mbili linatosha, na kwa kasi hiyo lita mbili zinaweza kudumu kwa saa nyingi kabla ya kuhitaji kujazwa. Tundu likiziba, tatizo karibu kila mara ni ukoga au uchafu wa maji yenyewe; chuja kabla ya kujaza. Maji ya chini yabadilishwe kila siku mbili ili mbu wasizaliane, na chombo kisuguliwe kwa brashi kila wiki. Kinyesi kikikaa ndani, umeandaa mahali pa kuambukizana magonjwa.

Wenyeji ndio walinzi wako

Sasa hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wanaoanza hupapuuza. Huwezi kukagua kila jani. Lakini uani kwako kuna macho mengi yanayofanya kazi hiyo tangu alfajiri: shore, shomoro, kwenzi, chozi, kunguru, wowote wale unaoishi nao. Wanapomwona asiye wa kawaida, hasemi mmoja tu, wanasema wote.

Jifunze milio yao miwili ya hatari. Kipanga akiwa anaruka, ndege wengi wadogo hutoa mlio mwembamba, wa juu, uliovutwa, ambao ni vigumu kujua unatoka wapi. Papo hapo kila mmoja huganda au hujitupa kichakani. Ukimya wa ghafla una maana ile ile. Usiangalie vichakani, angalia juu. Mlio wa pili ni mkavu, wa kukwaruza, unaorudiwa rudiwa, na badala ya kujificha ndege hukusanyika. Hapo kuna adui aliyetua: bundi, nyoka, paka, au mwewe aliyekaa kimya. Kundi la aina mbalimbali likipigia kelele mahali pamoja kwenye mti kwa dakika tano bila kuhama, kuna bundi katika mti huo mara nyingi kuliko unavyodhani. Fuata midomo inakoelekea, kisha tafuta karibu na shina, penye kivuli kizito zaidi. Chini ya mti tafuta madoa meupe ya kinyesi na vibonge vya manyoya na mifupa ambavyo bundi hutapika.

Kelele hizo zina maana kuliko tulivyozoea kudhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu chikadii wenye kofia nyeusi wa Amerika Kaskazini ulionyesha kwamba huongeza idadi ya sauti za "dii" mwishoni mwa mlio kwa kadiri adui alivyo hatari kwao: bundi mdogo mwepesi hupata nyingi kuliko bundi mkubwa mzito asiyeweza kuwakamata. Sikiliza wenyeji wako kwa miezi michache na utaanza kutofautisha paka na mwewe bila kuinua kichwa.

Kuna namna nyingine ya kuwatumia. Ndege wadogo wahamaji, wakiwa ugenini, hujiunga na makundi ya wenyeji wanaotafuta wadudu, kwa kuwa wenyeji wanajua chakula kiko wapi. Kundi likipita, usiridhike na watatu wa kwanza. Hesabu mpaka wa mwisho. Mgeni huwa nyuma au juu zaidi, na mwendo wake hutofautiana kidogo: wenzake wananing'inia chini ya matawi, yeye anarukaruka juu ya majani.

Anga nayo ni sehemu ya ua, ingawa wachache huiangalia. Tai, korongo na tumbusi hupanda kwa hewa ya joto inayoinuka, hivyo kabla ya jua kupasha ardhi hakuna kitu. Saa mbili au tatu baada ya kuchomoza ndipo wanaanza kuonekana. Mwaka 1973 tumbusi wa Rüppell aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000, kwa hiyo usidhani anga tupu ni tupu. Kwenye samawati safi jicho halina cha kulilenga na hupitiliza hata tai mkubwa. Tumia kingo za mawingu meupe: lenga darubini kwenye ukingo wa wingu hadi uone vizuri, halafu uupitie polepole.

Kumtambua bila kujidanganya

Wengi wa "ndege wa ajabu" ni ndege wa kawaida waliovaa vingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujaribu kwa nguvu zote kumfanya awe wa kawaida. Ukishindwa kwa sababu unazoweza kuziandika, hapo una kitu.

Kasoro ya rangi ndiyo mtego mkuu. Ndege aliyekosa rangi kwenye manyoya machache huonekana na mabaka meupe ambayo hayamo katika kitabu chochote. Kwa kawaida hayalingani kushoto na kulia, na hapo ndipo hujisaliti. Makinda yana madoadoa ambayo wazazi hawana. Ndege anayepukutisha manyoya anaweza kuwa hana mkia. Chavua ya maua hupaka paji la uso la wanywa nekta rangi ya njano au chungwa, na ndege mla wadudu aliyeingiza kichwa mauani hutoka na utosi ambao si wake. Mwanga wa jua la chini hugeuza kijivu kuwa kahawia, na anga jeupe nyuma yake hugeuza kila kitu kuwa cheusi.

Kwa sababu hiyo, rangi iwe ya mwisho kuaminiwa. Anza na ukubwa, na usiseme "mdogo". Sema "mkubwa kuliko shomoro aliyekuwa tawi lile lile". Kisha mdomo: urefu wake ukilinganishwa na urefu wa kichwa, mnene au mwembamba, umenyooka au umepinda. Urefu na rangi ya miguu. Mkia umepita ncha za mabawa kwa kiasi gani anapokaa. Mistari juu ya jicho na bawani. Kiuno anaporuka, kwani ndege wengi huficha alama yao kubwa hapo. Halafu tabia: anatikisa mkia chini au pembeni, anakimbia au anarukaruka. Andika haya kabla ya kufungua kitabu au simu. Kumbukumbu ni dhaifu mno mbele ya picha. Dakika mbili baada ya kuona mchoro, utaapa kwamba uliona nyusi nyeupe ambazo hukuziona.

Picha ipigwe mara moja, hata mbaya. Piga ya mbali kwanza, kisha sogea hatua tano, piga, sogea. Anayesubiri picha nzuri hubaki na tawi tupu. Ndege anayeruka anataka kasi ya shata ya angalau 1/1000 ya sekunde. Aliyetulia, 1/250 inaweza kutosha. Akiwa mbele ya anga angavu, ongeza mwanga wa picha kwa hatua moja hadi mbili ili asigeuke kivuli. Kama una simu na darubini tu, kunja mipira ya macho ya darubini, bana lenzi ya simu katikati ya jicho moja la darubini, kuza kidogo hadi duara jeusi litoweke, na egemeza mikono ukutani. Darubini ya 8x42 (ukuzaji wa mara 8, lenzi za mbele za milimita 42) inafaa kuliko yenye ukuzaji wa 12 kwa kazi za uani, kwa sababu hutikisika kidogo na huona eneo pana.

Tafuta picha ya bawa lililofunguka hata kama imetia ukungu. Tai-bahari wa Steller, ndege wa mashariki ya mbali ya Urusi, alizunguka Amerika Kaskazini kwa miaka: Alaska 2020, Texas Machi 2021, mashariki mwa Kanada, kisha Massachusetts Desemba 2021 na Maine. Iligundulika kuwa ni yule yule kwa kulinganisha mabaka meupe ya mabawa yake katika picha za watu mbalimbali.

Sauti nayo ni ushahidi. Rekodi sekunde thelathini au zaidi, simu ukiishika bila kuitembeza vidole, mgongo wako ukiziba upepo. Utaje tarehe na mahali mwishoni. Programu za kutambua milio, kama Merlin na BirdNET, ni msaada mkubwa, na nazitetea, lakini zieleweke: hulinganisha umbo la sauti na sauti zilizofundishwa, na zinaweza pia kuzingatia ndege wanaotarajiwa mahali na wakati huo. Kwa hiyo zinaweza kumkosa mgeni kabisa kwa kuwa hayumo katika orodha ya eneo, na zinaweza kumtangaza mgeni kwa sababu mlamba, kurumbiza au kwenzi amemwigiza. Jina likitokea mara moja tu kwenye skrini, ndani ya kelele za barabara, si ndege bado. Mtafute kwa macho.

Usimchezee sauti ya wenzake kutoka kwenye simu ili ajitokeze. Aliyesafiri usiku kucha ana akiba ndogo ya mafuta, na kila dakika anayoitumia kumtafuta mpinzani asiyekuwepo ni dakika ya kula aliyoipoteza.

Akiwa chini

Ndege aliyegonga kioo awekwe katika boksi la karatasi lenye matundu ya hewa na kitambaa kisichofumuka chini, lifungwe, liwekwe penye giza, ukimya na joto la wastani. Usimpe maji wala chakula. Maji ya mdomoni huingia njia ya hewa. Kila baada ya nusu saa toa boksi nje na ulifungue. Wengi huruka ndani ya saa moja au mbili. Bawa likining'inia, kukiwa na damu, au muda huo ukipita, anahitaji daktari wa wanyama au wahudumu wa ndege wa porini.

Teleka, ndege anayefanana na mbayuwayu, akiwa chini asirushwe hewani kamwe. Mweke juu ya kiganja kilichonyooka, ukiinue kwenye uwanja wazi, na umwache aamue. Ndege wa baharini aliyevutwa na taa akae mkavu ndani ya boksi hadi aachiwe pwani, mbali na taa. Kibisi arudishwe kwenye maji mapana. Korongo na wote wenye mdomo mrefu washikwe wakiwa mbali na uso wako, kwani hulenga macho. Aliyekufa au anayeyumba bila sababu asiguswe kwa mikono mitupu. Homa ya ndege ya H5N1 imesambaa sana kwa ndege wa porini tangu 2021, na mamlaka za mifugo hutaka kuarifiwa.

Kama ana pete, piga picha za mguu kutoka pande zote hadi namba yote isomeke, ukiandika rangi za pete na zilivyopangana, juu hadi chini, kulia na kushoto. Usiivue kwa ndege aliye hai. Namba hiyo ikipelekwa kwa mpango wa kuvisha pete wa nchi iliyoandikwa, hujibu ndege alivishwa lini na wapi.

Taarifa ya ulichokiona ipeleke eBird au iNaturalist, tovuti zinazokusanya taarifa za viumbe walioonwa na watu, ukiambatanisha picha hata ile ya ukungu, umbali, muda uliomwona, hali ya hewa, na sababu za kuwakataa ndege wa kawaida waliofanana naye. Wakaguzi wakikuuliza maswali hawakushushi thamani. Taarifa ya nadra isiyoulizwa haina uzito baadaye. Ila mahali pa bundi anapolala mchana, na kiota chochote, pafiche: eBird yenyewe huficha maeneo ya aina nyeti, na iNaturalist hukuruhusu kufifisha ramani. Kama ndege yuko kwenye ua wa jirani, muombe ruhusa kabla ya kutangaza, kwa sababu atakayeamka na watu hamsini mbele ya lango lake ni yeye. Na siku ulizotoka ukakuta wenyeji watupu, ziandike pia, na idadi yao. Mtafiti anayetaka kujua kama mgeni wako ni wa kwanza au ni mwanzo wa wengi atazihitaji hizo kuliko picha.